Kamba Ilipobanwa na Udongo

Nyarugusu

Dada Kabula,

Shikamoo. Baba anaendeleaje na kifua chake? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haikai. Mwandiko unarukaruka kwa sababu naandika mdomoni mwa duara, shimo letu la dhahabu, na kila mstari nainama kutega sikio kwenye mwamba.

Unauliza narudi lini. Ngoja nikueleze.

Wiki iliyopita udongo uliporomoka nikiwa chini, nikabaki na nafasi ya kuchuchumaa tu. Ishara yetu ilikuwa kamba: ukiitikisa mara tatu, mwenzangu Masanja anakuvuta. Nikatikisa mpaka viganja vikachubuka. Kimya. Dada, nililia.

Ndipo nikakumbuka ulivyonifundisha kule ziwani Chato. Wimbi la kamba linakwenda mbele, lakini kamba yenyewe inacheza kushoto na kulia. Sasa yangu ilibanwa na udongo, ingecheza wapi? Nawe ulisema sauti ni tofauti: chembe zinasukumana mbele na nyuma, kila moja inarudi mahali pake, hata ndani ya jiwe. Nilikucheka siku ile, eti mwalimu hajawahi kuchimba hata kisima. Nisamehe. Nikagonga mwamba kwa nyundo, tatu, tatu. Masanja alikuwa amelala kifudifudi juu, akasikia. Waliponifukua akaniuliza, "Bebe, wewe, nani kakufundisha haya?" Nikamwambia dada yangu.

Tangu hapo mtu akitwanga mahindi naruka. Unakumbuka lile gunzi ulilotupa majini? Wimbi likija gunzi linapanda, linasogea, linashuka, linarudi palepale. Ndivyo nilivyo, nazunguka shimo hili na siondoki.

Leo Masanja ameshuka kuchukua nyundo na taa ya karabai zilizobaki chini, maana madukani hakuna nyingine. Kamba siku hizi ni ya kuvutia tu, na kusikiliza jiwe najua mimi peke yangu kati ya tuliobaki juu. Akipanda salama tunaliacha duara, nami napanda basi la Chato. Lakini amekawia. Subiri nisikilize.

Bado.

Mwambie Baba asiache kunitaja katika maombi yake. Msalimie shemeji, na Bibi mzaa mama mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako mwenye shukrani,
Shija

Dada, anagonga. Moja. Mbili. Tatu. Naacha kalamu nikamvute, kisha nafunga mzigo.