Nilijinyoa Kabla Mama Mkwe Hajaninyoa

Mpendwa mshauri, Bi Edna,

Naomba msaada wako, na naomba uwahi kunijibu, maana msalaba wa kaburi la mume wangu utawekwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba kule Maposeni, na mimi mjane wake nimeambiwa nisiende. Naitwa Skolastika, nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, nashona nguo hapa Mjimwema, Songea, na ni Mngoni wa hapa hapa, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba mila sikuzijua.

Mume wangu Mathias aliugua presha na figo mwishoni mwa mwaka juzi, akalazwa wiki tatu, na muda wote huo nilikuwa nalala sakafuni kando ya kitanda chake, napika uji nje, nazunguka kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi kwa sababu siku hizi hospitali wanakuandikia karatasi tu ukanunue mwenyewe, mpaka Alhamisi moja ya Januari alipoamka ana nafuu, daktari akasema Jumamosi ataruhusiwa, naye Mathias akanitazama akacheka, akasema, "Mke wangu, umekonda kuliko mimi mgonjwa, hebu nenda mjini ukatengeneze nywele, nitoke hapa na mimi nionekane nina mke." Nikaenda. Nilikwenda saluni, Bi Edna, nikawekwa kalikiti, ile dawa ya kulainisha nywele, nikakaa chini ya draya nasoma gazeti la zamani, na nilifurahi, nasema ukweli nilifurahi, na saa ile ile Mathias akakata roho. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliniambia kwamba Mathias aliniulizia mara mbili.

Shemeji yangu Hironimus alipofika akaniuliza nilikuwa wapi, nikausikia mdomo wangu unasema nilikwenda kutafuta dawa, kichwa nimekifunga kanga, akaniamini, akanituma nikachukue nguo wakati yeye anatafuta gari la kumpeleka marehemu kijijini, na nilipofungua ile kanga nyumbani harufu ya dawa ya nywele ikajaa chumba kizima, nywele zinang'aa, zinadondosha mafuta, nikaona siwezi kwenda kumzika mume wangu na kichwa cha harusi. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa nikazikata zote, nikamalizia kwa wembe bila hata kioo, nikajichana sehemu tatu.

Huenda wewe si mtu wa huku, nikueleze. Katika ukoo wa mume wangu mjane hagusi nywele zake mpaka siku ya kumaliza matanga, ndipo mama wa marehemu anamnyoa kwa mkono wake, halafu wengine wanafuata. Siku ya tatu baada ya mazishi mama mkwe wangu, Mama Walburga, alinifungua kitambaa anioshe kichwa, akakuta upara wenye vidonda. Akauliza, "Nani kakunyoa?" Nikasema, "Ni mimi mwenyewe, mama." Akanifunga tena kitambaa taratibu. Siku ya kumaliza matanga niliketi wa kwanza kwenye mkeka, nikainamisha kichwa, akanipita akaanza na wifi yangu Suzana, akasema watu wote wanasikia, "Huyu ameshamaliza msiba wake."

Tangu hapo wanasema nilikuwa na haraka ya kuolewa. Nikienda kumsalimia nampa shikamoo, anaitika marahaba, kisha anachukua ungo wake anaenda shambani kuchuma likolo, mboga za majani, na mimi nabaki na jiko lisilo na mtu. Wajukuu anawapenda sana, kwa hilo simsingizii. Juzi Suzana kaniletea ujumbe: "Mama kasema watoto waje kwenye msalaba, wewe usijisumbue."

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kila baada ya wiki mbili, tangu Januari ile, najifungia chumbani nakata nywele kwa mkasi ule ule, zikianza tu kufunika ngozi siwezi kuvumilia, na wateja wangu wanadhani ni mtindo, wengine wananisifu. Sasa nishauri, ninyamaze nibaki zangu mjini, au nikamwambie yule mama kwamba mwanawe alipokuwa anakufa mimi nilikuwa saluni, nikose hata hiyo marahaba?

Wako mwenye majonzi,
Skolastika, Mjimwema

JIBU

Dada Skolastika,

Pole sana. Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo, nikarudi nikaisoma tena. Sasa nisikilize vizuri, maana nina maneno matamu machache na machungu mengi.

Matamu kwanza. Hukumuua mume wako. Wiki tatu umelala sakafuni, asubuhi moja umetoka, tena umetumwa na yeye mwenyewe. Figo hazisubiri mke arudi. Ungekuwa umekwenda kununua chumvi yangetokea hayo hayo, na leo ungekuwa unaichukia chumvi. Alikuulizia mara mbili kwa sababu alikupenda. Basi, hapo pamekwisha.

Sasa uongo wako. Ulidanganya mbele ya maiti, ukadanganya tena kwa kunyamaza mama yule alipoona vidonda vyako. Alikuuliza swali moja, na lilikuwa mlango, mwanangu. Ulimjibu nusu, nusu nyingine ukaimeza, halafu unalalamika kwamba watu wameijaza wenyewe. Ulitaka waijaze na nini?

Na kosa kubwa hujaliona kabisa. Mama Walburga alimzaa Mathias, akamwogesha, akamnyoa nywele za utoto. Mwanawe alipokufa, yeye hakuwepo. Kaburi walichimba wanaume. Kazi moja tu ilibaki ambayo angeweza kumfanyia mwanawe kwa mikono yake, nayo ni kukunyoa wewe. Umemwondolea. Kuna kingine umemnyima: asubuhi ile Mathias alicheka na kumtania mkewe, na mama yake hajui. Tangu siku hiyo anamfikiria mwanawe akiugulia tu. Umekaa na kicheko hicho peke yako kwa aibu ya nywele! Nimekasirika nawe hapo, siwezi kuficha.

Huo mkasi wa kila wiki mbili uache leo, leo hii unaposoma. Unajiadhibu na kusema ni msiba. Mkasi ukate vitambaa, na nywele ziote. Una wiki tano kabla ya msalaba, zitatosha.

Usingoje Jumamosi ya msalaba. Nenda Jumatano ya wiki hiyo, peke yako. Usiende na watoto uwafanye ngao, wala usimtume Suzana wala Hironimus. Usibebe sukari wala kitenge kama mtu anayekwenda kununua msamaha. Nunua wembe mpya, ubaki kwenye karatasi yake, na ukishatumika kwako usipite kichwa cha mtu mwingine. Magonjwa ya siku hizi tunayajua na huzuni haiyazuii.

Ukifika, piga magoti, toa shikamoo, na akiitika useme kabla hajainuka: "Mama, Mathias alipofariki nilikuwa saluni. Alinituma yeye. Niliona aibu nikajinyoa, nikawadanganya." Usijipambe, na usilie ili akuhurumie. Halafu mweleze asubuhi ile yote, neno kwa neno, na alivyocheka. Ukimaliza vua kitambaa, mpe wembe, umwombe akunyoe.

Anaweza kukufukuza, ni haki yake. Ukifukuzwa ondoka kwa adabu, na Jumamosi uende kaburini hata hivyo, usimame nyuma ya watu, kwani ulifunga naye ndoa na hakuna anayeweza kukuzuia kumwombea. Anaweza pia kunyamaza kutwa nzima. Akinyamaza, mchotee maji, fagia uwanja, lala hapo, kesho umwombe tena.

Na akiushika huo wembe, inama, ukae kimya mpaka amalize. Akianza kulia, usimnyamazishe.

Bi Edna