Mbao za Mulombwa

Elisabethville, 21 Januari 1962

Kwa yaya Léonard, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi huko Kasenga. Natumaini wewe, wifi Clotilde na binti yenu Mado hamjambo, na kwamba samaki wa Luapula wamewanenepesha kidogo. Mimi naishi. Risasi zimenyamaza tangu Noeli, ila mkate bado ni wa kupigania.

Mwambie Mado kobe wake yuko hai. Mlipoondoka Novemba alikaa uani, lakini vita vilipofika mtaani watu walianza kula chochote kinachotembea. Askari wawili walichungulia juu ya ua, wakaulizana kobe anaiva kwa muda gani. Nikamwingiza ndani, kando ya kitanda cha baba.

Kwanza nilimzungushia waya wa kuku. Kobe haelewi waya: akiona ng'ambo anaamini njia ipo, akasukuma mpaka pua ikatoka damu. Alihitaji ukuta wa mbao usiomwonyesha ng'ambo. Nilizunguka mtaa mzima bila kupata hata ubao mmoja. Milango iliyovunjika ilikuwa imeshageuka kuni. Mwishowe nilipiga msumeno mwenyewe, nikamtengenezea zizi la urefu wa mita moja, udongo mkavu shubiri moja, sahani ya maji, na jiwe ninalolipasha kwenye mbabula ya makaa ili asishikwe na baridi ya mvua. Yaya, nililifurahia zizi lile. Mabomu yalipokuwa yakianguka, nililitazama nikatulia.

Sasa nifike pale ninapokwepa. Umeandika kwamba ukirudi utakwenda kambi ya wakimbizi kumkamata jirani yetu Edouard, kwa sababu nilikuambia yeye ndiye aliyeiba mbao nne za mulombwa, mti ule mwekundu mgumu, zile baba alizozikausha miaka sita chini ya kitanda kwa ajili ya sanduku lake mwenyewe la kuzikiwa. Nikasema ndiyo maana tulimzika kwenye mkeka, seremala mzima.

Edouard hakuiba kitu. Nilizikata mimi, kwa ajili ya kobe. Baba alikuwa akikohoa tu, nikadhani vita vikiisha nitapata nyingine kabla hajajua. Alipofariki, vipande vilikuwa vifupi hata kwa mtoto. Nikaandika jina la Edouard kwa sababu ni Muluba wa Kasai, na siku hizi hapa ukisema Muluba ameiba hakuna anayeuliza mara ya pili. Wewe pia hukuuliza. Na mkeka ule ni wa mke wake, Marie-Thérèse, aliotuachia walipokimbia. Naona haya.

Baba alijua. Siku moja kabla hajafa alinyoosha mkono kumgusa kobe, akapapasa ukingo wa zizi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, lakini vidole vilitambua. Nilingoja anilaani. Akasema, "Hortense, ulikata bila kupima. Huku iko mufupi." Kisha akaomba msasa, akasugua ukingo ule usimchubue kobe, hadi mkono ukachoka.

Barua hii nampa dereva wa lori la samaki. Usimwendee Edouard. Nitakwenda kambini mwenyewe kumwambia nilivyomtenda, na hasira yako niletee mimi. Msalimie wifi, mbusu Mado. Habari za mbao usimwambie bado.

Mdogo wako,
Hortense Mukuka