Maua ndani ya lori

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu huko Japani. Bibi yako mzima, bado anagombana na paka wa jirani.

Umeniuliza kwa nini dereva wa huko alipambe lori la samaki kwa mataa na michoro kama bibi harusi. Nna kisa kimoja tu. Ujanani nilikuwa mkaguzi wa magari hapa Maskati, mtaa wa Ghala. Dereva mmoja, Mbaluchi mzaliwa wa Mombasa, alileta lori limejaa maua ya kuchorwa ubavuni kote.

"Lipake rangi moja, la sivyo haliendi barabarani," nikamwambia.

Akarudi nalo jeupe tupu. Nilipofungua mlango wa dereva, nikayakuta maua yote yamechorwa ndani, mpaka darini.

"Na humu mwakagua, shekhe? Humu ndimo ninamolala."

Nikaufunga taratibu, kama mlango wa nyumba ya watu, nikamtilia saini cheti chake.

Babu yako,
Maskati