Mbwa Waliofungwa

Jumatatu, 14 Julai 1975
Nimesahihisha madaftari ya hesabu. Tumechuma pamba ya shule hadi saa nane. Vidole vinauma.

Jioni mkutano wa kijiji. Mbwa wa kule bondeni kamng'ata mtu, bwana mifugo anasema ni kichaa. Kesho mgambo watapita na bunduki. Mbwa anayezurura atapigwa. Aliyefungwa ataachwa asubiri sindano ya chanjo. Nyumba zangu kumi nimezipitia mwenyewe, maana balozi ni mimi. Shikamoo kwa wazee, kisha habari ya kamba. Wote wamekubali.

Binti yangu Zaina kamfunga mbwa wake Popi kwenye nguzo ya jiko. Mafundo matatu. Nimemsifu.

Jumanne, 15 Julai
Wameua waliofungwa.

Waliokuwa wanazurura walisikia mlio wa kwanza, wakaingia porini. Mgambo walitakiwa kupeleka mikia ofisini. Walipoikosa njiani wakaingia nyuani mwa watu. Nimetoka shule nikakuta damu kwenye nguzo, na inzi. Mwenye bunduki bado yuko kwa jirani, mikia kaitia kwenye gunia la mbolea. Anacheka. "Waliofungwa hawachoshi, Mwalimu."

Nilitaka kumtemea mate. Nikamwambia ahsanteni kwa kazi. Kinyaa changu kikubwa ni hicho. Nilimshukuru.

Damu nimeifukia kwa majivu. Zaina aliporudi kutoka kisimani nikamwambia Popi kakata kamba, kakimbilia mbugani Mikumi.

Jumatano, 16 Julai
Uongo haukumaliza hata siku. Mizoga wameitupa kwenye shimo la udongo wa matofali, kando ya njia ya shule. Hawakufukia. Watoto wamepita asubuhi, kila mmoja kamtambua wake. Zaina kamwona Popi.

Hakulia. Alisema tu, "Ningefunga fundo moja, angetoroka."

Hajala.

Shemeji kaja kusema mbwa ni najisi, mtoto aoge yaishe. Mbwa huyo huyo kamfukuzia ngedere kwenye mahindi msimu mzima. Jirani anasema atatafuta mwingine, kama vile mtoto kavunja chungu. Wananichefua wote. Mimi zaidi.

Alhamisi, 17 Julai
Fisi wamewaburuta wawili hadi njiani. Harufu imefika darasani. Hakuna anayesoma, wananitazama tu. Mwalimu mkuu anasema shimo si kazi ya shule, aandikiwe barua mwenyekiti. Anasema huku kaziba pua.

Zaina uji kautapika. Mikono yake kaificha chini ya mapaja, hataki kushika kitu.

Ijumaa, 18 Julai
Kipindi cha kujitegemea. Badala ya kwenda kwenye pamba nimewapeleka watoto shimoni na majembe. Khanga nimejifunga puani. Funza. Sitaandika zaidi.

Nikawaweka mbali na ukingo. Nikawaambia, kabla ya kufukia, mwenye mbwa aseme jina lake na jambo moja alilolifanya. Walisitasita. Kisha mmoja akasema Simba aliiba samaki wa bibi, bibi akasingizia wajukuu. Mwingine akasema Bobi alikuwa anaogopa mbuzi. Wakacheka, kisha wakalia, kamasi na vumbi.

Mwalimu mkuu akaja akifoka kuwa nazika mbwa kama watu. Nikamjibu nafundisha usafi. Baba wawili waliokuwa wanapita wakashuka kwenye baiskeli, wakaomba majembe. Mmoja juzi aliniambia mbwa ni mbwa tu. Alifukia bila kumtazama mwanawe.

Zaina alisimama nyuma. Hakusema jina. Watoto wa wenzangu wamepata nafuu, wangu bado.

Jumamosi, 19 Julai
Jioni nikamketisha jikoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, nikayasahau yote.

"Amri ya kufunga niliileta mimi. Wewe ulinitii. Na habari ya Mikumi nilikudanganya."

Akasema amenikasirikia sana. Nikamwambia akasirike.

Akachukua sahani yake, akageukia ukutani, akala ugali na mlenda akinipa mgongo. Akamaliza. Akanyoosha sahani nyuma, bila kugeuka, nimwongezee.

Nimemwongezea.