Matao ya Baba

Jumatatu, 2 Juni

Nimepima ukuta wa ghala, lile la nyuma ya nyumba ya mapadre, mara ya tatu. Bado ni mnene kuliko wa mbele. Goti linauma. Paroko anataka ripoti Jumapili. Nyumba ya zamani ya mapadre inabomolewa ipishe mpya, ila sehemu moja itabaki kama kumbukumbu: ile iliyo kongwe kuliko zote. Kanipa mimi kazi kwa sababu nilifundisha historia. Historia ya darasa la sita, Paroko! Lakini nilikubali haraka. Baraza la mbele, lile la matao saba, alilijenga marehemu baba. Nataka libaki.

Jumatano, 4 Juni

Nimechanganyikiwa. Matofali ya baraza ni ya kuchoma, yameshikwa kwa saruji. Ya ghala ni mabichi, yameshikwa kwa udongo wa kichuguu. Kwa hiyo ghala ni la zamani zaidi? Ghala! Tangu utoto wangu humo huwekwa kahawa ya parokia. Pengine walijenga ghala kwanza, wakalala kwingine. Pengine sijui ninachopima.

Ijumaa, 6 Juni

Nimechimba sakafu ya ghala, kona moja tu. Nyasi. Tabaka juu ya tabaka, kavu, nyeusi, zimeshindiliwa.

Nikakaa chini. Kwetu mgeni hutandikiwa nyasi mbichi juu ya zile za zamani. Nimezitandika mwenyewe tangu nikiwa mdogo. Gunia la kahawa halitandikiwi nyasi. Humu walikaa watu, na wenyeji waliwapokea vizuri. Mapadre wa kwanza walilala humu humu. Ndiyo nyumba yenyewe.

Nimefukia shimo. Sina raha hata kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Sikula mchana. Nikiandika ukweli, matao yanakwenda. Nikiandika uongo, nani atauliza? Parokia nzima inaamini matao ni kazi ya Wazungu. Sisi Wahaya na makuu yetu: chenye matao ndicho cha maana, na ghala linafanana na banda la mbuzi. Niliwahi kumchapa mtoto kwa kuiba kalamu.

Jumapili, 8 Juni

Nimekabidhi, baada ya misa ya pili. Nimeandika kwamba baraza ndilo kongwe, limejengwa na mapadre wa kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, niliwaandikia watoto ubaoni miaka yote. Yangu imefika salama mpaka ofisini kwa Paroko. Akanipa mkono. Nikafurahi. Nikaona aibu. Nikafurahi tena.

Jumanne, 17 Juni

Ghala limeanguka kabla ya saa nne asubuhi. Kuta nene vile, hazikupiga hata kelele. Fundi mkuu aliokota bonge la nyasi, akauliza hii ni nini. Nikasema labda panya. Panya! Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Jumapili, 22 Juni

Nimemleta mama kutoka Kaagya aone. Matao yamepakwa rangi nyeupe. Nilitaka afurahi, basi. Sikuwa nimefikiria kibao.

Kimepigiliwa ukutani, maneno ni yangu yote. Mama alikisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata herufi. Akarudia mwanzo.

"Mapadre? Mwana wange, nilikuwa naleta ndizi hapa kila mchana, ebitoke za moto, baba yako anashuka kwenye ngazi anakula. Nani kaandika hivi?"

Watu walikuwa wakipita, wakimsalimia. Nilisema ni mimi. Nikajaribu kueleza, maneno yakagongana: ghala, nyasi, kwamba bila hivyo baraza lingebomolewa. Sijui alielewa kiasi gani. Hata mimi nilipojisikiliza sikuelewa vizuri.

Hakunigombeza. Aliomba tukae kidogo barazani, miguu imechoka. Tulikaa mpaka kengele ya saa sita. Kisha nikamtafutia usafiri wa kumrudisha nyumbani.