Mama Hodi na Mlalamikaji Wake

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na bado hatujazoea nyumba isiyo na kicheko chako.

Mtaani walikuita Mama Hodi. Afisa ustawi wa jamii gani anabisha hodi mlango ukiwa wazi, kisha anasubiri juani mpaka akaribishwe? Ulisema kwa mtu ni kwa mtu, hata kama mna godoro moja tu. Na siri za watu uliziacha huko huko kazini. Dada yako alikudadisi mpaka akachoka. Ulimwongezea chai tu.

Lakini kinachotufanya tushike vichwa mpaka leo ni habari ya yule mama muuza mkaa. Majirani walidai anampiga mwanawe, nawe ukamwona mtoto ana alama mwilini, ukampeleka makao ya watoto. Mama mtu akaja mlangoni kwetu, analia, anakutukana. Baba akainuka amfukuze.

"Mwache," ulisema. "Nilimsikiliza kila mtu isipokuwa yeye."

Ukamweleza kwamba lipo baraza linalosimamia maafisa kama wewe, na ana haki ya kukushtaki huko. Hakujua pa kuanzia. Kulipokucha ukaenda naye, ukamwonyesha mlango, ukabaki nje ukimngoja.

"Unajichimbia kaburi?" Baba alikuuliza. "Leseni ikienda je?"

"Kama hawezi kunishtaki, baba watoto, nina haki gani ya kuingia kwake?"

Baraza lilikukuta na kosa: ulimwondoa mtoto kabla ya kumsikia mzazi. Likakusimamisha kazi kwa muda, na uchunguzi ukaanza upya. Kumbe zile alama zilikuwa za ugonjwa wa ngozi. Mtoto akarudi kwa mama yake.

Siku ulipoletewa habari hiyo, ulikaa kitini, viatu bado miguuni, ukasema, "Afadhali." Basi. Uso umekunjuka kama mtu aliyetua mzigo. Sisi tuliokuwa tumekasirika kwa niaba yako tukainama kukuvua viatu.

Tulikuzoea kwa upole wako. Siku ile tulikuogopa, Mama, kama mtu anavyouogopa mlima akiusogelea.

Tunaokukumbuka: mumeo, wanao (mwalimu, fundi umeme na kitinda mimba wako muuguzi), wakwe zako, dada yako mshonaji, na wajukuu, ambao tunawasimulia habari zako.

Pumzika, Mama. Hutatutoka moyoni kamwe.