Nimerudi Bangkok Peke Yangu

Mpenzi Baba Neema,

Nimefika nyumbani jana, na begi bado liko mlangoni, lesi na shanga zimo ndani. Neema amejilaza kwenye kochi na kitabu chake. Kila nikimuuliza kitu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kama ulivyotuacha. Nimeona nikueleze wewe kabla ya wateja, kwa sababu safari za Bangkok zilikuwa zako. Mimi nilikuwa nafuata shati lako tu.

Watu wa hapa Yeoville walidhani nimekataa kwenda mwaka mzima kwa kuogopa kupotea. Niliwaacha wadhani hivyo. Kilichonitisha ni kwamba kule hawajui kuwa umekufa. Hapa kila mtu anajua. Walikuja, wakakaa nasi, wakalia, wakarudi kwenye saluni na maduka yao. Kule ningelazimika kulisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ungekufa mara ya pili.

Unakumbuka ulivyonishawishi mara ya kwanza? Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa hapa, na mimi bado nilikuwa nashtuka nikisikia kundi la watu wakiimba barabarani, tangu ile Mei ya 2008 wageni walipopigwa na kufukuzwa, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa na cherehani zetu mbili. Watu uliwaambia kwamba duka linahitaji lesi za bei nzuri. Mimi ulinipa sababu nyingine. "Mama Neema, hapa tunaitwa makwerekwere, wageni wasiotakiwa. Twende mahali tukaitwe watalii, hata wiki moja tu."

Basi, mtalii wangu. Asubuhi ya kwanza ulisimama kando ya barabara pana, ukaziona zile Toyota za abiria, ndugu moja na teksi zetu za hapa, ukanyoosha kidole juu kama mtu wa Yeoville anayekwenda mjini. Zikapita. Ukakinyoosha zaidi. Dereva mmoja akapunguza mwendo, akachungulia angani kuona unamwonyesha nini, akaenda zake. Nilikwambia labda kwao kidole hakina maana. "Eish, kidole kiko sharp," ukasema, "ni madereva ndo hawajakomaa." Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja basi alikushika mkono, akakigeuza kiganja kitazame chini, akakupungia nacho, na gari likasimama.

Tulipokaribia soko ukapaza sauti, "Afta robot!" Hapa kwetu kila dereva angejua unataka kushuka baada ya taa za barabarani; yule akakutabasamia kwenye kioo, akapita taa zile na nyingine baada yake. Ukarudia. Akatabasamu zaidi. Alitufikisha mwisho wa njia, kando ya mfereji, mahali pasipo hata duka moja la vitambaa. Mimi nilifura. Wewe ulikalia sanduku ukacheka mpaka machozi yakakutoka, ukasema umepotea kwenye nchi ya watu na hakuna hata mmoja aliyekuuliza karatasi. Siku ile niliona ni upuuzi mtupu. Sasa ndiyo naielewa furaha ile, na nimeielewa ukiwa hupo.

Ndipo yule bibi mwenye nyumba ya wageni alipotoka na fagio lake, akatuona, akatuvuta ndani. Ukamwita mama mkwe siku hiyohiyo. Kila akipita ulikuwa unainamisha kichwa na kumpisha njia, kama mkwe wa kwetu Uvira, naye hakujua kwa nini, ila alipenda. Hatukulala kwingine tena safari zote zilizofuata. Ni yeye aliyetufundisha boti za mferejini: unaruka haraka kabla haijaondoka, na ukikaa ukingoni kazi yako ni kuvuta kamba ya turubai ili maji machafu yasiwarukie wenzako. Ulikuwa unachagua ukingoni kila mara. Uliivuta kamba ile kama umeajiriwa.

Safari hii nilikaa ukingoni mimi. Niliivuta kwa kuchelewa, tukalowa benchi zima. Mzee mmoja alinipa kitambaa nijifute uso. Nilijifuta muda mrefu kuliko maji yale yalivyohitaji.

Mama mkwe wako nilimkuta mlangoni. Alinikumbatia, akatazama nyuma yangu, akatazama barabarani. Kisha akainua mkono kuonyesha urefu wako, akainamisha kichwa vilevile ulivyokuwa ukimwinamia, akasubiri nimjibu. Nilikuwa nimejiandaa, Baba Neema. Ndani ya ndege nilikuwa nimeyapanga maneno machache ya Kiingereza, rahisi, ambayo angeyaelewa. Nikafungua mdomo, nikasema uko nyumbani, una kazi nyingi.

Akafurahi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukufurahia hivyo bado, bila kunionea huruma hata kidogo. Kwa siku zote nilizokaa pale nilikuwa mke wa mtu aliyebaki nyumbani. Nilikwenda sokoni na kurudi, nikabishana bei, nikapotea mara moja na kujirudisha mwenyewe, na jioni nilikula vizuri. Najua nilidanganya. Nakukumbuka sana, na nilikuwa nimechoka kuwa mjane.

Asubuhi ya kuondoka alinifuata mpaka kwenye gari na kichupa cha dawa ya kuchua. Akajishika kiuno, akajikunja kama mtu aliyeshinda kwenye cherehani, akanionyesha kwa vidole mara mbili kwa siku. Alikuwa anaukumbuka mgongo wako. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaahidi.

Kwa hiyo naufikisha ujumbe kama nilivyoagizwa. Ujichue asubuhi na jioni, na usikae muda mrefu bila kusimama. Mama mkwe wako anakusalimu. Anasema safari ijayo twende wote.

Mkeo,
Mama Neema